Chumba cha Upande wa Kushoto

Ramani ya meli ilitandazwa juu ya meza ya Mama Clemensi mara tu sahani za machalari ya ndizi zilipoondolewa. Ilikuwa karatasi ndefu, ngumu, yenye kung'aa, na kwa kuwa ilitaka kujikunja kila ilipoachiwa, Judith, dada yake Clemensi, aliikandamiza kwa vikombe vya chai, kimoja kila pembe. Zilichorwa ghorofa kumi na moja za meli, na kila ghorofa ilikuwa imegawanywa katika vijumba vidogo vyenye namba.

"Sasa mwenyewe achague," Clemensi alisema, akimvutia mchumba wake Nareyu kiti. "Jibu linatakiwa kesho kabla ya saa sita mchana, kwa faksi. Balkoni tumeshapewa. Kilichobaki ni kusema iwe upande gani na ghorofa ya ngapi."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, mwaka 2003, na baridi ya Karatu ilikuwa imewafanya wote wavae masweta ndani ya nyumba. Harusi ilikuwa imebakiza wiki kumi. Clemensi alikuwa amerudi mwezi wa nne, baada ya miaka miwili ya kuhudumia vyumba kwenye meli ya watalii huko Ulaya. Alirudi amenenepa mashavu, ana sanduku la magurudumu na habari iliyowarusha ndugu zake wote kwa furaha: kampuni ya meli imempa zawadi kwa utumishi wake mzuri, safari ya siku kumi ya watu wawili kuanzia Italia. Fungate.

"Mtoto wa watu wa ng'ombe atakwenda kulala juu ya maji," Mama Clemensi alisema, akimimina chai. "Utaweza, mkwe wangu? Maana pale hakuna hata mbuzi wa kumtazama."

"Nitajitahidi, mama," Nareyu alijibu kwa upole.

Alikuwa amezoea. Mama Clemensi, mzaliwa wa Rombo aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi Karatu tangu barabara ikiwa ya vumbi, aliupinga uchumba huu kwa muda mrefu. Alikuwa na msichana wake wa kwaya aliyemwandalia mwanawe. Ni tangu Pasaka tu ndipo alipoanza kumwita Nareyu mkwe, na hata hivyo alilitamka neno lile kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Nareyu aliiinamia ramani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Arash, tarafa ya Loliondo, na kwa miaka mitano alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja iliyoko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Alianza kwa kufua mashuka. Sasa alikuwa msimamizi wa vyumba, na alivijua vyote sabini na viwili kama mchungaji anavyoijua mifugo yake. Alijua ni kipi upepo wa alfajiri huingia chini ya mlango wake, ni kipi pimbi hulia juu ya paa lake hadi wageni waombe kuhamishwa, na ni balkoni ipi inayotazama kreta yote na ipi mti umeiziba nusu. Hapo hotelini ndipo alipokutana na Clemensi, wakati huo akiwa mhudumu wa mezani. Ramani ile, kwa macho yake, ilikuwa hoteli tu iliyolazwa ubavu.

"Hiki je?" aliuliza, akigusa kijumba cha ghorofa ya sita.

"Hapo mbele ya balkoni wametundika boti za kuokolea watu," Clemensi alisema. "Utakuwa unatazama tumbo la boti siku kumi."

"Na hiki cha juu?"

"Juu yake kuna bwawa. Alfajiri wanaburuta viti. Na wewe, mtu wa kutapika hata kwenye gari la kwenda Arusha, juu sana utateseka. Meli ikiyumba, juu ndiko kunakoyumba zaidi."

Judith alicheka. "Kaka amekuwa profesa wa meli."

Clemensi alitabasamu, akakunja mikono ya shati. Alipenda kusikilizwa, na tangu arudi hakuwa amepata wasikilizaji wazuri kama hawa. Nareyu alimtazama kwa pembe ya jicho. Alizipenda kucha zake safi na jinsi sauti yake ilivyoshuka alipotaka kueleza jambo. Miaka miwili alikuwa ameikumbuka sauti ile kitandani kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi, ukungu ukiwa umelala dirishani.

Akarudi kwenye ramani, akaitafakari kama anayempangia chumba mgeni mkorofi. Kisiwe mbele wala nyuma kabisa. Kisiwe karibu na lifti, watu hupiga kelele wakisubiri. Juu na chini yake viwe vyumba vya kulala, si jiko wala ukumbi wa muziki. Kidole chake kilipita taratibu, kikasimama ghorofa ya saba, upande wa kushoto, karibu na katikati.

"Nimepata," alisema. "Sabini arobaini na mbili. Hiki kimekaa vizuri kila upande."

"Hicho hapana," Clemensi alisema.

Alisema haraka mno. Judith aliinua kichwa.

"Kwa nini? Wifi ameeleza vizuri kabisa. Hakuna boti, hakuna jiko, hakuna lifti."

"Hakifai tu. Nakijua."

"Sema basi kina nini," Mama Clemensi alidakia. "Kuna mtu alifia humo?"

Wote wakacheka, na Clemensi naye akacheka. Labda ni kile kicheko kilichomlegeza, au ni tamaa ya kuwaonyesha kwamba hakuna kona ya meli ile asiyoijua. Aliegemea kiti.

"Mama, kule Norwei mwezi wa sita jua halizami. Saa saba usiku kunang'aa kama saa kumi jioni hapa. Sasa chumba hicho pazia lake lina kasoro, kwenye kona halifungi. Ule mwanga unapita hapo, unakupiga usoni ukiwa umelala, unageuka huku, unageuka huku, huna pa kujificha. Hadi uamke ulibane pazia kwa pini ya nywele ndipo upate usingizi."

"Makubwa," Mama Clemensi alisema. "Jua la usiku."

"Na meli ikipinda, mwanga unahama kutoka kwenye mto wa kulalia unakwenda miguuni," Clemensi aliendelea, kisha akanyamaza ghafla, akachukua kikombe cha chai, na ile pembe ya ramani ikajikunja hadi kwenye mkono wa Nareyu.

Nareyu hakuinyoosha. Alikuwa akisikia maneno yake mwenyewe ya kila siku, yale anayowafundisha wasichana wapya hotelini: anayetandika kitanda hukijua chumba cha mchana tu, usimwambie mgeni habari za usiku usioujua. Alikuwa pia akikumbuka barua. Clemensi alimwandikia kwamba wahudumu wanalala chini kabisa, wanne chumba kimoja, hakuna dirisha. *Sijui kama nje ni usiku au mchana, Nareyu wangu, najua saa tu.* Aliisoma barua ile mara nyingi mpaka mikunjo ikaanza kupasuka.

"Ilikuwa mwezi wa sita wa mwaka gani?" aliuliza.

"Eh?"

"Hilo jua."

"Mwaka jana," Clemensi alisema. Hakumtazama.

Nareyu aliondoa vikombe vitatu vilivyobaki, kimoja kimoja, akaiacha ramani ijikunje yenyewe.

"Mama, naomba uniruhusu," alisema. "Nina zamu jioni, na gari la wafanyakazi linapita geti la hifadhi saa kumi na moja."

"Na chumba?" Judith aliuliza.

"Clemensi anavijua vyumba," Nareyu alisema.

* * *

Clemensi alimpeleka kwa pikapu ya duka. Mama Clemensi alikuwa amemfungia ndizi kwenye kitenge, akaziweka mapajani pake kupitia dirishani kwa upendo wa kweli, na jambo hilo lilimuuma Nareyu zaidi. Walipita soko, wakapita mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, na barabara ikaanza kupanda kuelekea geti hilo la hifadhi, Lodoare. Clemensi aliwasha redio. Nareyu akaizima.

"Ulikuwa unalala humo," alisema.

"Wapi?"

"Usinifanye mgeni. Sabini arobaini na mbili."

"Nareyu, mimi nilikuwa nasafisha upande wote wa kushoto wa ghorofa ya saba. Vyumba ishirini na nane. Lazima nivijue."

"Mimi nasafisha sabini na viwili. Niulize chumba namba kumi usiku wa manane kikoje. Sijui. Najua anayoniambia mgeni asubuhi. Mgeni akilalamika pazia halifungi, naandika, fundi anakuja. Silibani kwa pini ya nywele." Alimgeukia. "Ilikuwa pini ya nani, Clemensi?"

Lori la vitunguu kutoka Mang'ola lilikuwa limesimama kando ya barabara, likipoza injini. Clemensi alilipita, kisha akaegesha mbele yake, mahali penye miti, akazima gari. Geti lilikuwa karibu, lilionekana.

"Naomba unisikilize mpaka mwisho," alisema.

"Pini ya nani."

"Anaitwa Birgit. Mtu mzima, Nareyu. Mjane. Alikuwa abiria, safari mbili mfululizo, chumba hicho hicho. Mumewe alikufa wakiwa wamepanga kusafiri pamoja. Alikuwa analia. Naleta taulo, namkuta analia. Mtu huwezi kumwacha."

"Ukamwonea huruma."

"Mwanzoni ilikuwa huruma."

"Na mwishoni?"

Clemensi alishika usukani kwa mikono miwili, kama gari bado linakwenda. "Nilikuwa na miezi tisa sijaongea na mtu kwa lugha yangu. Humo chini hakuna hewa, wanaume wanne, kila mtu na nchi yake. Hujui hali ile. Nilikuwa natamani tu kulala mahali penye dirisha."

Kilichompanda Nareyu hakikuwa kilio. Angefurahi kama kingekuwa kilio.

"Mwezi wa sita," alisema. "Mwezi wa sita mwaka jana unajua nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa Arash. Uliniandikia."

"Nilikuandikia nusu. Sikutaka uumie huko mbali. Sasa nakupa nusu ya pili." Aliweka ndizi chini, miguuni. "Baba alikuwa amempata mtu. Sironka, mwenye boma kubwa kule Malambo. Asali ya uchumba ilishaletwa, ng'ombe walishatajwa kwa majina. Baba zangu wadogo walikaa, wote watano, wakaniita. Nikasimama mbele yao nikasema sitaki. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema nina mwanaume aliyeniahidi. Wakacheka. Baba mdogo mmoja akasema, mwanaume aliye kwenye meli ana mke kila bandari, hata mtoto anajua. Unajua nilimjibu nini?"

Clemensi alitikisa kichwa.

"Nilimwambia, wa kwangu hapana. Nilimwambia mbele ya baba yangu: huyu namjua, nakula kiapo. Baba akasema basi toka, nenda kwa huyo unayemjua. Mama yangu alisema neno moja la kunitetea, akafukuzwa na yeye, akakaa kwa kaka zake miezi miwili. Mama yangu, Clemensi, na magoti yake yale. Kwa sababu yangu. Kwa sababu yako. Na wewe ulikuwa unageuka huku, unageuka huku, jua linakupiga usoni."

"Sikujua hayo."

"Ungejua ungetoka humo chumbani?"

Nareyu alitazama mbele. Mlinzi wa getini alikuwa akiinua kizuizi kupisha gari la watalii, akikishusha, akikiinua.

"Nilitaka kukuambia," Clemensi alisema. "Tangu siku niliyoshuka. Kila siku nasema leo. Kisha nakuona unavyonitazama, nashindwa."

"Lakini leo uliwaambia mama yako na Judith. Kwa mbwembwe. Mbele ya chai."

"Ilinitoka."

"Ilikutoka kwa sababu humo ndani hukuona aibu. Uliona raha. Mtu hukumbuka hivyo mahali alipoona raha." Kisha jambo jingine likamjia, akamgeukia polepole. "Hiyo zawadi. Tiketi mbili, balkoni. Kampuni inampa mtandika vitanda wa miaka miwili?"

Clemensi alifumba macho.

"Jibu."

"Ni yeye," alisema. "Ni zawadi yake ya harusi yetu. Nilimwandikia kwamba naoa, akafurahi. Kweli alifurahi, Nareyu. Ana moyo mzuri. Anajua habari zako zote, anakuheshimu sana, alishaiona picha yako."

"Aliionea wapi?"

Picha ile Clemensi alikuwa nayo kwenye pochi, Nareyu amesimama mbele ya kreta, sare ya kazi, anacheka. Alimpa siku ya kuondoka ili asiwe peke yake huko baharini.

Sauti ya Nareyu ilishuka, ikawa ya chini kuliko ya mtu anayesali. "Mimi nilizungumzwa humo ndani. Mlikaa kitandani mkanitazama. Akauliza, huyu ndiye? Ukasema, ndiye. Akasema, mzuri. Na sasa ananilipia fungate. Nikalale kwenye zawadi yake, nimshukuru, nimwandikie kadi. Na wewe ukakaa leo mezani ukaniambia nichague."

"Basi tusichague hicho," Clemensi alisema kwa haraka, akimshika mkono. "Mpenzi wangu, kama ni hicho chumba, tuchukue cha upande wa kulia. Ghorofa nyingine kabisa. Hutakiona hata mlango wake. Zawadi imeshalipwa, nafasi kama hii haiji mara mbili, mama ameshawaambia watu wote kanisani."

Nareyu aliutazama mkono wake uliokuwa ndani ya mkono wa Clemensi. Alitafuta ndani yake yule msichana ambaye kwa miaka miwili angetoa chochote ili mkono ule umguse, hakumwona. Akautoa mkono wake.

"Hujaelewa hata kidogo," alisema. "Unadhani shida ni kulia na kushoto."

"Sema basi unataka nini. Nitafanya. Nipige, nitukane, nimpigie magoti mama yako. Chochote."

"Chochote?"

"Chochote."

"Alhamisi kuna basi la Loliondo linapita hifadhini. Twende Arash. Baba ataita wadogo zake, wale wale watano. Utasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, uwaambie kwamba nilikula kiapo kwa ajili yako nikiwa sijui. Useme mwenyewe. Nitatafsiri neno kwa neno."

Rangi ilimtoka Clemensi usoni. "Siwezi kusema mambo kama hayo mbele ya baba yako."

"Uliweza kuyafanya."

"Ataniua, Nareyu."

"Baba yangu haui mtu. Atakutazama tu. Mimi nilitazamwa, na nilikuwa sina kosa."

"Tuoane kwanza. Nakuomba. Tuoane, tutulie, mambo yapoe, halafu nitakwenda kwa heshima, na wazee wetu, na blanketi la kumvisha baba yako..."

"Yapoe," Nareyu alirudia neno lile.

Alifungua mlango. Vumbi jekundu lilikuwa limelala unene wa kidole kando ya lami. Viatu vyake vya Jumapili vilizama. Clemensi alishuka upande wake, akazunguka, akasimama mbele yake. Machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa mzuri hata sasa, na Nareyu alimchukia kwa hilo.

"Nakupenda," alisema. "Sikuwahi kuacha kukupenda. Hata huko."

"Naamini," Nareyu alisema. "Ndiyo maana nina hasira. Ungekuwa hunipendi ningekuona mshenzi tu, nikapita. Unanipenda, na bado ulinitoa pochini ukanionyesha."

Alimpita. Nyuma yake alimsikia akiita jina lake mara mbili, mara ya pili kwa sauti iliyopasuka, na dereva wa lori la vitunguu akachungulia kuona kuna nini. Alitembea mpaka getini bila kugeuka. Gari la hoteli lilimkuta amekaa kwenye jiwe, mgongo wima. Wenzake walimsogezea nafasi wakamuuliza, Nareyu, ndizi za mama mkwe leo ziko wapi, akasema amezisahau.

* * *

Clemensi alikuja Jumatano. Mlinzi alimruhusu kwa kuwa alimjua tangu zamani, na Nareyu alimkuta amesimama nje ya stoo ya mashuka, ukungu umemlowesha nywele.

"Sikutuma faksi," alisema. "Muda umepita, safari imekufa. Nimemwandikia yule mjane asiniandikie tena. Judith amenisaidia kuweka barua posta. Mama hanisemeshi. Nimekuja uone kwamba nimechagua wewe."

Nareyu alikuwa amebeba mashuka ya vyumba vinne mpaka kidevuni. Hakuyaweka chini.

"Sikukuambia uache safari," alisema. "Nilikuambia twende Arash. Basi ni kesho saa mbili. Utakuwemo?"

Clemensi alitazama viatu vyake. Msichana mmoja wa kazi alitokea kwenye kona, akawaona, akarudi alikotoka.

"Nipe mwezi mmoja," Clemensi alisema. "Nizungumze na padre kwanza. Nimwandae mama."

"Vyumba vyangu vinasubiri," Nareyu alisema, akaingia ndani na mashuka yake.

Usoni hakuna aliyemwona amebadilika. Lakini chumba cha kwanza alikitandika, akakitandua, akakitandika tena, kwa kuwa kila alipolivuta shuka lilinyooka kupita kiasi na kuchomoka upande wa pili.

Alhamisi alipanda basi peke yake. Alikaa nyuma ya dereva, dirisha wazi, mfuko wa plastiki mapajani kwa ajili ya kutapika, na hakutapika. Akashuka njia panda akiwa mweupe kwa vumbi, akatembea saa nzima mpaka bomani.

Baba yake, Mzee Tajewo, alikuwa amemlaza kondoo, anamkata kwato. Alimwona binti yake akija tangu mbali, hakuinuka, wala hakumfukuza. Nareyu alisimama mbele yake, akamweleza yote kwa Kimaasai, kuanzia meli mpaka pini ya nywele. Aliyasema bila kupunguza. Alisema pia kwamba kiapo alichokula kilikuwa cha uongo ingawa yeye hakujua.

Baba yake alimaliza kwato moja, akaanza nyingine.

"Alikuambia mwenyewe," aliuliza, "au uligundua?"

"Niligundua."

"Na kama angekuambia mwenyewe?"

Nareyu alitaka kusema kwamba ingekuwa vilevile. Alisimama na jua la jioni likimpiga usoni, akimfikiria Clemensi akishuka kwenye ndege mwezi wa nne na kusema, kabla ya sanduku kufunguliwa, kaa chini kuna jambo. Angempiga. Angelia wiki nzima.

"Ningekasirika sana," alisema. "Lakini ningebaki naye."

Mzee Tajewo alimwachia kondoo, naye kondoo akainuka, akachechemea zizini. Mzee alifuta kisu kwenye shuka yake na kukirudisha alani bila haraka.

"Nilikuwa nawaambia watu sina binti wa jina lako," alisema. "Mwaka mzima nimelisema hilo neno. Lilikuwa chungu kila siku." Alisogea. Nareyu aliinamisha kichwa kama mtoto anavyomsalimu mzazi, na kiganja cha baba yake, kigumu, kinachonuka kondoo, kikatua juu ya nywele zake. "Huyo Sironka ameshaoa, usiogope. Hakuna mtu anayekungoja na asali. Mama yako anakamua. Magoti yanamsumbua. Nenda."

Alikwenda. Mama yake alimwona, akasema jina lake mara moja tu, akamsukumia kibuyu bila kuuliza chochote. Nareyu alichuchumaa upande wa pili wa ng'ombe, akapeleka mikono kwenye chuchu, na maziwa yalipoanza kugonga ndani ya kibuyu, machozi aliyoyazuia tangu Jumapili yakamtoka, mengi, ya hasira, mama yake akikaza macho kwenye kazi yake kama asiyeyaona.